Mtandao Haujakatika, Umesusa

Nchi yetu ina jina zuri sana, ila siwezi kulitaja hapa. Siku serikali ilipokwenda kuliandikisha mtandaoni, mfumo ulijibu kwamba jina hilo limeshatumika, tafadhali jaribu jingine au ongeza tarakimu. Baraza la Mawaziri likakaa, likaona ni aibu kwa taifa huru kuitwa jina lake halafu linafuatiwa na sabini na saba kama akaunti ya mwanafunzi. Basi hadi leo sisi tunajiita "sisi", majirani wanatuita "wale pale", na maisha yanakwenda.

Mimi naitwa Kibwana Fungameza. Mpaka yaliponikuta haya ninayotaka kuwasimulia, nilikuwa Afisa Pole katika Shirika la Mtandao wa Taifa. Msinicheke. Ni cheo kikubwa, kina kiti cha kuzunguka, na mtu hakipati kwa kubebwa na mjomba. Mimi nilibebwa na mjomba, ni kweli, lakini baadaye nilikwenda kusomea.

Chuo cha Pole kiko nje kidogo ya mji mkuu. Pale tulifundishwa pole ya aliyejikwaa, pole ya aliyeuguliwa, pole ya aliyetoka kazini amechoka, na pole ya mtu aliyesahau neno lake la siri, akaombwa aweke neno lake la siri ili akumbushwe neno lake la siri. Mkufunzi wetu, Bi Msafwari, akikwambia pole wewe mwenyewe unaanza kujitafuta jeraha. Alitufundisha kanuni moja tu, akatukaririsha mpaka tukawa tunaisema usingizini. Pole ni ya aliyeona. Samahani ni ya aliyetenda. Na sisi watumishi wa Shirika, alisema, tumeona tu.

Mnaelewa maana yake. Afisa anayesema samahani ameiingiza serikali kwenye kosa, na serikali yetu haijakosea tangu uhuru, tunamshukuru Mungu. Aliyewahi kuteleza akasema "tuwie radhi" alihamishiwa ghala la vifaa vibovu, na ghala lile ni kubwa, mtu akiingia haonekani tena.

Nilipohitimu nilikuwa wa kwanza darasani. Sauti yangu ikachukuliwa, ikatiwa kwenye mashine, na tangu siku hiyo kila mwananchi anayepiga simu Shirikani kulalamika anapokewa na mimi. "Pole sana, mpendwa mwananchi," nasema. "Tunatambua adha unayoipata. Tatizo lako ni muhimu kwetu. Endelea kusubiri." Halafu unaingia muziki, halafu naingia mimi tena. Wapo watu wamezeeka wakinisikiliza.

*

Sasa lazima niwaeleze jinsi mambo yetu yote yalivyohamia mtandaoni, maana bila hilo hamtaelewa jinsi nilivyokaribia kufa kapera.

Tunaye Waziri wa Kasi, Mheshimiwa Dakta Bandeko. Nchi nyingine hazina waziri wa namna hiyo, ndiyo maana ziko nyuma. Mheshimiwa huyu alifuta foleni zote nchini kwa siku moja. Alizifuta ofisini akaziweka kwenye mfumo uitwao Jamvi, kwa kuwa ukishalikalia huinuki. Leseni unaiomba Jamvini. Kuandikisha mtoto, Jamvini. Tiketi ya basi, Jamvini, na kondakta akikukuta na noti mkononi anakushusha kama umebeba bangi.

Jamvi halimruhusu mtu kuingia mpaka athibitishe kwamba yeye si roboti. Linakuonyesha picha, linakwambia uchague zote zenye bomba linalotoa maji. Mtaani kwetu watu waaminifu hawakuchagua hata moja, kwa sababu bomba la namna hiyo hawajaliona, na wote wakaandikwa roboti. Babu mmoja aliyepigania uhuru aliandikwa roboti, akafa roboti, na kwenye maziko yake Mheshimiwa Waziri alituma rambirambi kwa familia na kwa kiwanda kilichomtengeneza.

Ndoa nayo ikahamia Jamvini. Bwana anabonyeza Nimekubali kwenye simu yake, bibi anabonyeza Nimekubali kwenye yake, mfumo unatoa cheti. Kama mmoja hajabonyeza, hata mkipigiwa vigelegele mpaka watu wakauke koo, hakuna ndoa. Na mkionekana mnaishi pamoja bila cheti cha Jamvi, mnahesabiwa kuwa wapangaji.

Mchumba wangu ni Rukiya binti Siwatu. Ana saluni karibu na soko, ana mkono mwepesi wa kusuka na mdomo mwepesi zaidi wa kusema. Nilimpenda kwa yote mawili, ingawa la pili nilidhani litapungua na umri. Tulipanga tuoane Jumamosi. Kwa mama yake, Bi Siwatu, wageni kutoka bara walianza kuingia Jumatano na mabegi, mikeka na kuku. Turubai lilikwisha fungwa, ng'ombe alikwisha letwa, amefungwa kwenye mpapai anatuangalia kwa mashaka. Mimi nilikuwa nikitembea barabarani nacheka peke yangu.

*

Alhamisi, Mheshimiwa Waziri alikuja kuweka jiwe la msingi la Mnara wa Kasi. Huu ni mnara wa kuadhimisha mtandao wetu kutokatika. Mahali palipochaguliwa ni mbele ya ofisi yetu, juu kabisa ya ule waya mnene upitao chini ya ardhi na kutuletea mtandao kutoka ng'ambo. Palikuwa na kibao kimeandikwa HATARI, USICHIMBE HAPA, lakini watu wa itifaki waliking'oa asubuhi kwa kuwa kilikuwa kinaharibu picha.

Nilipewa heshima ya kumshikia Mheshimiwa mwavuli. Basi nikawa karibu naye kuliko mtu yeyote, na kila kilichotokea nilikiona kwa macho yangu haya.

Mheshimiwa alihutubia kwa ufasaha mkubwa. Alisema nchi yetu haitembei tena, inakimbia. Tena haikimbii, inaruka. Tena hairuki, imeshafika, na sasa imekaa inazisubiri nchi nyingine. Tukapiga makofi, mimi kwa mkono mmoja kwa sababu ya mwavuli. Kisha akapewa jembe lililopakwa rangi ya dhahabu, akainua.

Pigo la kwanza likatoa vumbi. La pili likatoa kokoto. Kwenye la tatu chini pakasema ka, na jembe likapanda na kipande cha kitu cheusi kinene mfano wa mkia wa panya buku. Na hapo hapo, tazama bahati mbaya ilivyo, mtandao ukapotea nchi nzima. Waandishi waliokuwa wakirusha sherehe moja kwa moja wakaanza kuzigonga simu zao. Mheshimiwa alikitazama kile kipande, akanitazama mimi, nami kwa mazoea nikamwambia pole, Mheshimiwa. Akanishukuru, akakitia kile kipande mfukoni, akaomba ngoma zipigwe.

Jioni alizungumza na taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "yapo maneno ya mitaani kwamba mtandao umekatika. Huo ni uzushi. Mtandao haujakatika. Mtandao umesusa."

Akaeleza kwa masikitiko. Alisema kila siku watu wanausimanga mtandao wao. Wanauambia unakwenda kwa kujivuta, wanaulinganisha na wa jirani, wengine wanautukana mbele ya watoto. Nani angevumilia? Umekasirika, umefungasha, umerudi kwao. Serikali haiwezi kumlazimisha mtu aliyesusa, ila itafanya kama mila zetu zinavyotaka: itatuma wazee wakambembeleze. Mpaka hapo, wananchi watulie na wachunge ndimi zao.

Mafundi wetu walikwisha fika shimoni tangu mchana na vifaa vyao vyote. Waliambiwa wasiguse kitu, kwa sababu kuunga waya kabla ya suluhu ni kumdharau mwenye hasira. Wakakaa ukingoni mwa shimo wakacheza bao.

*

Bunge likaitwa kwa dharura kuamua kama mtandao ni mke au ni mume, ijulikane nani anamfuata nani. Mbunge mmoja akasema ni mume, kwani huondoka bila kuaga na akiulizwa alikuwa wapi hana jibu. Mwingine akapinga, akasema ni mke, kwa kuwa aliletwa kwa shangwe na tangu aingie hajapewa hata kimoja alichoahidiwa. Wakarushiana maneno mpaka chakula kikapoa. Mwishowe Spika akatoa uamuzi kwamba mtandao ni mama mkwe: akija tunasimama, akiondoka hatuulizi, na kasoro zake tunazungumzia jikoni.

Uamuzi huo ukaleta utaratibu mpya. Ilikatazwa kupita karibu na sanduku la mtandao bila kuvua kofia. Shirika likanunua kanga, likazifunga kwenye mnara wa ofisi, zimeandikwa RUDI MAMA, TUTASEMA NAWE KWA UPOLE. Kundi la taarabu likawekwa pale chini liimbe mapenzi kuanzia saa za kazi hadi kufunga. Mafundi shimoni wakawa wanaitikia.

Jumamosi yangu ikafika, ikapita. Msajili wa Ndoa alikuja, akafungua kompyuta yake, akaona duara linazunguka, akafunga, akala pilau, akaenda zake. Maana pilau lilipikwa. Nyama haisubiri mfumo. Ng'ombe akawa ameliwa bila harusi.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba wageni hawawezi kurudi kwao. Tiketi za basi ziko Jamvini, na Jamvi liko kwao mtandao, ng'ambo. Ukoo mzima ukabaki kwa Bi Siwatu. Walikula mchele wa harusi, wakala mchele wa akiba, wakaanza kula wale kuku waliokuja nao. Wanaume walilala chini ya turubai, wanawake ndani, na kila alfajiri kulikuwa na ugomvi wa kuingia msalani. Shangazi mmoja kutoka bara aliona hali, akaomba jembe, akaanza kupanda mchicha uani. Bi Siwatu alipouona ule mchicha umechipua alikaa chini akalia.

*

Msiba mwingine ulikuwa huu. Kwa kuwa baba yake Rukiya amefariki, wa kumwoza alikuwa ami yake, Mzee Shomvi. Na Ami Shomvi ndiye msuluhishi mashuhuri kuliko wote nchini. Amewahi kumpatanisha mtu na mbuzi wa jirani yake, na mbuzi akatoa neno la shukrani, ndivyo inavyosemwa. Nani mwingine serikali ingemteua kuongoza Kamati ya Taifa ya Suluhu? Wakamchukua yeye na kila mzee mwenye jina la usuluhishi, wakawapakia kwenye ndege na tende, halua na kanga za mama mkwe, wakapelekwa huko waya unakotokea.

Tukawa tunapata habari zao redioni. Leo mtandao umekubali kufungua mlango. Leo umepokea halua, ila haukula. Leo umekula. Wazee walifikia hoteli nzuri yenye bwawa, na inasemekana walikuwa wakiweka picha zao mtandaoni kila siku, ila sisi hatukuweza kuziona.

Mimi wakati wote huo nilikuwa kazini. Simu za kawaida zilikuwa zinafanya kazi, basi nchi nzima ikawa inapiga Shirikani, na nchi nzima ikawa inanisikia. Nilijiona mtu mwenye manufaa makubwa.

Siku moja Rukiya naye alipiga. Hakunipigia mimi, alipiga Shirikani kama raia. Wali ulikwisha, mama yake alikuwa amelala na shinikizo la damu, na mgeni mmoja alikuwa ameanza kumrekebisha namna ya kuendesha saluni yake. Akapokewa na sauti ya mchumba wake. Pole sana, mpendwa mwananchi. Tunatambua adha unayoipata. Tatizo lako ni muhimu kwetu. Endelea kusubiri. Alisubiri. Muziki ukaja, nikaja tena, muziki, mimi. Aliniambia baadaye kwamba lililomuuma ni kuwa ndiyo sauti ileile niliyomwambia nayo kwamba nampenda.

Akakata, akanipigia kwenye simu yangu. Nikapokea, nikasema, "Pole sana, mpendwa."

Akauliza kama anaongea na Kibwana au na mashine. Nikamwambia ni Kibwana. Akasema basi Kibwana aje saluni sasa hivi.

Nilikwenda. Alikuwa anamsuka mteja, na wateja wengine walikuwa kwenye benchi, wamenyamaza kwa namna ile ya watu wanaosikiliza kwa mwili mzima. Hakunikaribisha kiti.

"Alhamisi ile ulikuwepo pale mbele ya ofisi?" akauliza.

"Nilikuwepo."

"Umeshika nini?"

"Mwavuli."

"Na Waziri ameshika nini?"

"Jembe la heshima."

"Na mtandao ulikatwa na nini?"

Jamani, nilitaka kumjibu. Jibu lilinifika hapa kooni. Lakini nikamkumbuka Bi Msafwari, nikakumbuka kiti changu cha kuzunguka, nikaliona ghala la vifaa vibovu na mlango wake. Nikasema, "Mtandao haujakatika, Rukiya. Umesusa. Pole sana."

Akaweka kitana chini.

"Sawa," akasema. "Na mimi nimesusa."

Akaendelea kusuka, hakunitazama tena. Yule mteja aliyekuwa akisukwa akanitazama yeye badala yake, kwa muda mrefu.

*

Mtu akisusiwa na mchumba anajua la kufanya: anatafuta wazee. Nilizunguka mji mzima nikitafuta mzee wa kunisuluhishia, sikumpata hata mmoja. Wote walikuwa ng'ambo wanaubembeleza waya. Waliobaki ni wazee wasiosikia vizuri, na mmoja wao nilipomweleza shida yangu alinipa hongera.

Nikaenda kwa wenzangu ofisini. Walinizunguka wote, maafisa pole wa madaraja yote, wakanipa pole. Zilikuwa pole za hali ya juu, na hazikunisaidia kitu. Nilirudi chumbani kwangu na uchungu, na kwa kuwa sikujua nimlalamikie nani, nikapiga Shirikani. Nikajipokea mwenyewe. Nilijisikiliza nikijiambia kwamba natambua adha ninayoipata na kwamba tatizo langu ni muhimu kwangu. Wallahi, nilipofika kwenye "endelea kusubiri" nilitamani kumpata huyo bwana nimtie makofi.

Kisha redio ikatangaza kwamba suluhu imepatikana. Mtandao umesamehe, umelia kidogo, umeahidi kurudi. Wazee wakapokewa uwanja wa ndege kwa vifijo, wamenenepa wote. Wakati huohuo mafundi wakapewa ruhusa ya kumaliza bao lao, wakashuka shimoni, wakaunga waya kabla chai yao haijapoa. Mheshimiwa Waziri akaja akakata utepe uliozungushiwa lile shimo. Safari hii walimpa mkasi mdogo.

Nilimkimbilia Ami Shomvi pale pale uwanjani, nikamweleza kwamba binti yake amenisusia na harusi imo hatarini. Alinisikiliza huku anatafuta mabegi yake. Akasema mtu akisusa dawa yake ni halua, na kwa bahati mbaya halua yote ameila mtandao. Akanigonga bega, akaingia kwenye gari la serikali.

Mchana ule Jamvi likafunguka, na kitu cha kwanza lililokileta kwenye simu yangu kikawa ombi letu la ndoa. Nikabonyeza Nimekubali kwa nguvu mpaka kioo kikapiga kelele. Jamvi likaniandikia: Tunasubiri upande wa pili. Ombi hili litafutika jua likizama. Likifutika, waombaji wataanza upya kwa kuthibitisha kwamba wao si roboti.

Nikatoka nje nikatazama jua. Lilikuwa limeshateremka upande wa soko, na halikuwa na dalili ya kunihurumia. Nikampigia Rukiya.

Simu ikapokewa. Ikasema kwa sauti laini, ya kuteremka mwishoni, kama aliyesomea: "Pole sana, mpendwa mchumba. Tunatambua adha unayoipata. Tatizo lako ni muhimu kwetu. Ukitaka kusema pole, bonyeza moja. Ukitaka kusema ukweli, bonyeza mbili. Ukitaka kuendelea kusubiri, endelea, wenzako wameshazoea."

Halafu ukaingia muziki. Ulikuwa ni saluni nzima wanaimba, benchi la wateja na wasusi wake, na yule shangazi wa mchicha nikaitambua sauti yake kwenye kiitikio.

Sijui ni mkono wangu au ni mafunzo, nikabonyeza moja. Muziki ukakatwa. Sauti ikasema nimekosea, nijaribu tena, na muziki ukarudi, sasa na makofi. Kivuli changu kilikuwa kimerefuka mpaka ukutani. Nikaona nitaishi maisha yangu yote kwenye mstari huu, nasubiri, kama wale watu wote waliozeeka wakinisikiliza mimi. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuliogopa lile ghala.

Nikabonyeza mbili. Muziki ukazimwa.

"Rukiya," nikasema, "nisamehe. Mtandao haukususa. Waziri aliukata kwa jembe, na mimi nilikuwa nimemshikia mwavuli. Niliona, nikanyamaza. Kosa ni letu."

Neno lile, nisamehe, nilikuwa sijalitamka tangu niingie chuoni. Lilitoka limekwaruza, na lilipokwisha toka nikashangaa kwamba bado nimesimama. Kisha nikamsikia yeye mwenyewe, kwa sauti yake.

"Rudia," akasema. "Simu hii inarekodiwa kwa ajili ya kuboresha huduma."

Nikarudia. Nilipofika kwenye "kosa ni letu", simu yangu ikatetemeka mkononi. Jamvi lilikuwa limeleta cheti.

*

Nilidhani anatania kuhusu kurekodi. Kumbe kila aliyekuwa kwenye lile benchi alikuwa ameinua simu yake. Mtandao ulikuwa ndio kwanza umerudi, una nguvu, hauna kazi, na kitu cha kwanza ulichokibeba nchi nzima ni sauti yangu. Wananchi walishtuka sana kusikia nani aliukata waya, ingawa wote walikuwa wanajua. Waliniambia kilichowashtua hasa ni kunisikia mimi nikisema neno jingine.

Shirika lilinifukuza kwa ujumbe wa simu, likanipa pole kwa kufukuzwa kwangu.

Sherehe tulifanya upya, na haikuwa na shida ya watu, maana wageni bado walikuwepo. Tulikula wali kwa mchicha wa shangazi. Ami Shomvi alisimama kama baba, akatoa hotuba ndefu kuhusu alivyoubembeleza mtandao, na Bi Siwatu akacheka mpaka shinikizo likashuka. Kesho yake wageni wakakata tiketi, wakaondoka, isipokuwa shangazi, aliyesema anasubiri bamia zikomae.

Na Mheshimiwa Waziri? Hakujiuzulu, kwa kuwa kujiuzulu ni kukiri. Alisusa. Alifungasha, akarudi kwake, akajifungia, akasubiri wazee waje kumbembeleza kama mila zetu zinavyotaka. Serikali ikamtafuta Ami Shomvi, akawaambia mikono yake imo kwenye sinia. Ikawatafuta wale wengine, wote wakawa kwenye sinia hilohilo.

Siku zikapita, hakuna aliyebisha hodi. Mwisho Mheshimiwa akaona apige simu mwenyewe Shirikani, aulize kwa nini kimya. Sasa hapo ndipo palipo na kasoro ndogo ya kiutawala. Mimi walinifukuza, lakini kuibadilisha mashine kunahitaji ombi lipitie Jamvini, na Jamvi limemwambia Mkurugenzi wa Shirika athibitishe kwanza kwamba si roboti. Kwa hiyo sauti yangu bado iko kazini.

Nasikia Mheshimiwa yuko kwenye mstari mpaka leo. Rukiya ananiuliza, huku anacheka, kama simwonei huruma yule mzee wa watu. Namwonea sana. Nampa pole kwa moyo mweupe kabisa. Samahani ndiyo siwezi kumwambia, kwa sababu hili la kwake, mimi nimeona tu.